Nilimzuia rafiki yangu kushuka garini mbele ya kifaru, sasa wamenitoa kundini

Kwako dada mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Nakuru, mtaa wa Section 58. Nina marafiki wa kike, jumla yetu ni wanane. Baadhi tulisoma pamoja sekondari, wengine tulijuana kanisani na sokoni, lakini tumeshikana kiasi kwamba watoto wetu huitana ndugu. Harusi, matanga, bili za hospitali, yote tunachangiana. Mimi ndiye mweka hazina, kwa sababu wanasema sina mzaha na pesa za watu.

Mwezi wa nane tuliamua kutembelea mbuga ya Ziwa Nakuru, kuingia asubuhi na kutoka jioni. Unaweza kushangaa watu wa Nakuru kupanga safari ya Nakuru, lakini wengi wetu tunauona tu ule uzio tukipita Lanet, ndani hatujawahi kukanyaga. Mama Neema, rafiki yangu wa karibu kuliko wote, ambaye mimi ndiye msimamizi wa ubatizo wa binti yake, alituambia garini kwamba akiwa darasa la sita shule yao ilikwenda mbugani, yeye akaachwa kwa sababu nyumbani hakukuwa na pesa ya safari. Alisimulia akicheka, nasi tukacheka, mazungumzo yakaendelea.

Tulikubaliana kila mtu atoe 3,500. Saba tulitoa zote. Mmoja, nitamwita Mama Brian, alitoa 2,000 akasema atamalizia mwisho wa mwezi. Tukakodi matatu ya viti kumi na vinne pamoja na dereva wake.

Mambo yalianza kuharibika mapema. Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukafika langoni saa nne unusu, maana kila nyumba tuliyopitia mtu alikuwa bado anamalizia jambo. Langoni hawapokei pesa taslimu, ikabidi nilipe kwa simu kupitia eCitizen, ule mfumo wa malipo wa serikali. Mtandao ukawa unazunguka tu na watu wakaanza kuninung'unikia. Kisha askari akasema chupa za maji za plastiki haziingii, nasi tulikuwa na katoni mbili. Mama Brian akaniambia mbele ya wote, "Si wewe ndiye uliyepanga? Hukujua?" Na jambo hilo nilikuwa nimeliandika kwenye kundi letu la WhatsApp siku nyingi kabla. Hakuna aliyesoma.

Ndani tuliona nyati, pundamilia, swala, ngiri na twiga. Lakini flamingo walikuwa wachache, mstari mwembamba wa waridi kule mbali, na ndovu hatukuona hata mmoja. Lawama zikanirudia tena, eti nimewapeleka mbuga isiyo na kitu. Pale juu Baboon Cliff, jabali la kutazamia ziwa, Mama Neema akamrushia nyani ndizi. Dume moja likaingia garini kwa mlango uliokuwa wazi na kuondoka na mfuko mzima wa chapati. Watu walipiga mayowe, halafu wakaona ni kichekesho.

Alasiri, tukiwa karibu na ufuo, tukawakuta vifaru wawili, mama na ndama wake, wakila nyasi kando ya barabara. Dereva akazima gari. Mama Neema akasema anashuka apigwe picha moja tu, kifaru akiwa nyuma yake. Dereva akajibu kwamba hapo hakuna askari, tukimpa mia tano atatuacha tushuke wawili wawili. Watu wakaanza kuchangisha hiyo mia tano, dada, nakuambia ukweli! Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Nikaushika, nikasema hakuna anayeshuka. Mama Neema alidhani natania. Aliponishika mkono ili anitoe, nikamwambia dereva kwa sauti kwamba mlango huo ukifunguliwa nitawapigia askari wa KWS, shirika la wanyamapori, na kuwapa nambari ya gari. Dereva akawasha gari tukaondoka.

Kutoka hapo hadi mjini hakuna aliyenisemesha. Usiku Mama Neema aliandika kwenye kundi kwamba nimemdhalilisha mbele ya dereva, nimejifanya mwenye mbuga, na kwamba kuna watu ukiwapa daftari la pesa wanadhani wamepewa na roho za watu. Wengine wakaweka alama za kucheka. Asubuhi nikajikuta nimetolewa. Mmoja wao ameninong'oneza kwamba wamefungua kundi jipya na wanapanga safari nyingine mwezi wa kumi na mbili. Anasema kwa maoni yake nilifanya vyema, ila hawezi kusema mbele yao.

Pesa zilizobaki ni 4,900, ziko kwenye simu yangu. Mume wangu anasema nisizirudishe hadi waniombe msamaha. Dada yangu anasema niombe msamaha mimi ili mambo yaishe. Mwezi ujao Neema anapata kipaimara, na sijui kama niende. Niambie, nilikosea? Na sasa nifanyeje?

Mweka Hazina, Nakuru

*

Dada Mweka Hazina,

Hukukosea. Naanza na hilo ili usilisubiri hadi chini. Ule mlango ulistahili kushikwa, na laiti ungeniandikia kwamba uliuacha ufunguliwe ili usiwaudhi, leo ningekujibu kwa ukali. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe hukuchelea, na watu wanane walirudi nyumbani.

Nataka uelewe hasa ni kitu gani ulichokizuia, maana nahisi hata wewe umeanza kujitilia shaka. Mtu akimwona kifaru akila nyasi kwa utulivu kama ng'ombe wa jirani, humdhania mpole. Kifaru ana macho dhaifu. Anategemea masikio na pua. Gari lililosimama kimya amelizoea, harufu ya mafuta na umbo lile kubwa havimshtui tena. Mtu akishuka, kila kitu hubadilika ghafla: umbo jipya limejitenga na gari, kuna sauti za watu, kuna harufu ya mwili. Mnyama asiyeona vizuri hangoji kupambanua kama aliyeshuka ana simu mkononi au bunduki. Ama atakimbia, ama atakuja. Na akija, anakuja kwa kasi inayofika kilomita 50 kwa saa. Hakuna bingwa wa mbio kutoka Iten atakayefika mlangoni kabla yake, sembuse mtu aliyeyapa mgongo mapembe yake akitabasamu mbele ya kamera.

Umesema walikuwa wakila nyasi karibu na ufuo. Huenda basi walikuwa vifaru weupe, wale wenye mdomo mpana. Weusi hula majani na vitawi vya vichaka, na mdomo wao wa juu umechongoka. Najua atatokea mtu wa kukuambia kwamba weupe si wakali kama weusi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini huyo alikuwa na ndama. Mama mwenye mtoto hana rangi. Tena kifaru ndiye mliyemwona. Katika mbuga hiyo hiyo kuna simba, chui na nyati, na nyasi za ufuoni ni ndefu za kutosha kumficha simba aliyelala hatua chache kutoka barabarani. Sheria ya kutoshuka isipokuwa mahali palipotengwa haikuwekwa ili kuwanyima watu picha.

Kuna sababu nyingine, na hii naiandika kwa ajili ya Mama Neema na wenzake endapo watasoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya pembe. Ndipo mwaka 1987 Ziwa Nakuru likafanywa kimbilio la vifaru, na ule uzio mnaoupita kila siku Lanet ukawa ngome yao. Baadhi ya vifaru weusi waliletwa kutoka hifadhi ya Solio kule Laikipia ili waanze kuzaana hapo. Kwa hiyo ndama mliyemwona, awe mweupe au mweusi, ni matunda ya kazi ya zaidi ya miaka 30, ya askari wanaolala nje usiku ili yeye alale salama. Kifaru anayezoezwa kukaribiwa na watu kwa miguu ni kifaru anayerahisishiwa jangili kazi. Mia tano ya dereva ingenunua mazoea hayo.

Nyani naye yuko kwenye hesabu hiyo hiyo, ingawa mlicheka. Nyani akishajua kwamba binadamu ni chakula kinachotembea, hamngojei tena arushe ndizi. Humnyang'anya, na siku moja atamnyang'anya mtoto wa miaka mitano na kumuuma. Watu wa mbuga wakishaona nyani amekuwa hatari, atakayelipia ni yeye, wala si aliyemfundisha.

Dereva ndiye aliyenikasirisha kuliko wote, kuliko hata rafiki yako. Mama Neema alikuwa mgeni mbugani, amejaa furaha, hajui. Dereva alijua. Alijua ndiyo maana alitaja askari kabla ya kutaja bei. Mtu aliyekabidhiwa wanawake wanane wenye watoto nyumbani, akapiga hesabu kwamba hatari yao ina thamani ya mia tano, huyo hafai kurudishwa hata kwa safari ya kwenda Njoro. Ukipata nafasi ya kuzungumza na wenzako, elekeza uzito huko. Ilikuwa rahisi kwao kugombana nawe kwa sababu wanakupenda na wanakujua. Dereva wamemsahau, naye ndiye aliyewauza.

Sasa haya ya flamingo na ndovu. Hapa sitatumia muda mrefu, lakini inafaa ujue la kujibu. Ndovu mbuga ya Ziwa Nakuru haina. Ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 188 hivi pamoja na ziwa lenyewe, imezungushiwa uzio pande zote na mji umeikumbatia. Anayetaka ndovu aende Amboseli au Tsavo. Na flamingo hawana mkataba na mtu yeyote. Wanakula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Tangu mwanzo wa muongo wa 2010 ziwa limekuwa likipanda, limemeza hata lango kuu la zamani na barabara za ufuoni, na ile migunga mliyoiona imesimama majini ikiwa imekauka ni ushahidi. Maji yakizidi, magadi huzimuliwa, mwani hupungua, nao flamingo huinuka na kwenda Ziwa Bogoria au kwingineko kwenye chakula. Wanarudi wanapopenda. Mweka hazina anaweza kukusanya pesa, kukodi gari na kulipa kiingilio. Kuwapanga ndege ufuoni hakumo katika kazi yake.

Nimefika kwenye jambo ambalo limenifanya niisome barua yako tena. Umeandika kwa sentensi mbili tu, kisha ukaliacha. Mama Neema alisimulia kwamba aliachwa na wenzake wa darasa la sita kwa kukosa pesa ya safari. Alicheka, mkacheka. Dada, mtu mzima hakumbuki darasa alilokuwa, na mbuga ambayo hakwenda, ikiwa jambo hilo halijawahi kumuuma. Mtoto huyo alibaki shuleni au nyumbani siku nzima, na kesho yake wenzake wakaja na hadithi za kifaru. Amekulia katika mji wenye mbuga iliyoandikwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2011, watu wanapanda ndege kuja kuiona kutoka Ulaya, na yeye hadi juzi alikuwa anaujua uzio. Nakuru imejaa watu wa namna hiyo. Hilo linaniumiza kila ninapolifikiria, kwamba jirani wa mbuga ndiye wa mwisho kuingia.

Kwa hiyo ile picha haikuwa ya kujigamba tu. Nadhani alitaka ithibitishe kwamba na yeye alifika. Na wakati huo huo, mbele ya mtu wasiyemjua na mbele ya marafiki zake wote, sauti ikasema hapana, wewe hushuki. Safari hii sababu ilikuwa nzuri, ya kuokoa maisha, lakini moyoni mwake huenda ilisikika kama ile ya mwalimu wa zamani aliyesoma majina ya waliolipa na jina lake lisiwemo. Sikuambii hivi ili ujilaumu. Nakuambia ili ujue mahali pa kumfuata. Ukimfuata kwenye ugomvi wa kifaru hamtaelewana. Mfuate kwenye lile alilolisema asubuhi garini na hakuna aliyelipokea.

Mumeo anakupenda na amekasirika kwa niaba yako, lakini katika hili asikilizwe kwa upole kisha asifuatwe. Pesa ya watu haiwi dhamana ya msamaha. Ukiizuia hata wiki moja zaidi, ile kauli ya daftari la pesa itaanza kuonekana ya kweli, na hata yule anayekuunga mkono kwa siri atakosa la kusema. Irudishe sasa. Nimekupigia hesabu. Kwa kawaida mngekuwa na 4,900 ulizonazo pamoja na 1,500 ambazo Mama Brian hajalipa, jumla 6,400, na kila mmoja kati ya wanane angerudishiwa 800. Mama Brian akikata hizo 800 kwenye deni lake, bado anadaiwa 700. Basi hizo 4,900 ziwagawie wale saba waliolipa kamili, wewe ukiwemo, 700 kila mmoja. Mama Brian akileta zake, kila mmoja aongezewe 100. Waandikie hesabu yote kwenye ujumbe mmoja unaofanana, mmoja mmoja kwenye simu yake kwa kuwa kundini haumo: kilichoingia, gari, kiingilio, chakula, kilichobaki. Ambatanisha risiti za malipo. Deni la Mama Brian litaje kama nambari, usiliwekee kivumishi.

Kuhusu dada yako, nafahamu nia yake. Anataka amani. Lakini usiombe msamaha kwa kuushika mlango. Ukifanya hivyo utakuwa umewafundisha watu saba kwamba kosa lilikuwa lako, na safari ya mwezi wa kumi na mbili mtu atashuka, na hakutakuwa na wa kumzuia. Unachoweza kusema kwa moyo mweupe ni kwamba unasikitika aliumia, tena mbele za watu. Msiandikiane. Simu ina ubaya wake, ujumbe unasomwa kwa sauti ya hasira ambayo mwandishi hakuitia. Nenda kwake nyumbani, saa ambayo unajua amemaliza kazi, bila kuongozana na mtu. Ongea kwa njia yako, lakini kiini kiwe hiki:

"Mama Neema, nimekuja kwa sababu wewe ni wangu. Siku ile niliogopa. Nilimwona Neema akiletewa habari. Ningemzuia mlangoni mtu yeyote, lakini wewe nilikuzuia kwa nguvu zaidi. Najua uliumia mbele ya wenzetu na hilo limenikosesha usingizi. Halafu kuna jambo ulitwambia asubuhi, la darasa la sita. Tulicheka na hatukukuuliza. Niambie ilikuwaje."

Kisha nyamaza. Mwache aongee, hata akianza kwa kukugombeza. Akisema ulijifanya mwenye mbuga, usimjibu kwa kumweleza kasi ya kifaru. Hayo niliyokuandikia juu ni ya kukutuliza wewe, si silaha za kumpelekea.

Kipaimara cha Neema utakwenda. Hapo sioni la kujadili. Ulisimama mbele ya altare ukaahidi juu ya mtoto huyo, na ahadi hiyo haikupitia WhatsApp. Nenda hata kama mama yake hajakusemesha bado. Fika mapema, mpe mtoto zawadi yake, piga naye picha, keti mahali utakapopewa. Kitu kimoja nakuomba: usimtumie Neema kama njia ya kumfikia mama yake. Asibebeshwe ujumbe, wala asiulizwe mama anasemaje nyumbani. Watoto huchoka haraka na mizigo hiyo.

Yule rafiki anayekunong'oneza mshukuru kwa kukuunga mkono, kisha mwondolee kazi ya upelelezi. Kila anapokuletea habari za kundi jipya anajiweka pabaya na wewe unakosa usingizi. Mwambie tu kwamba kama siku moja mjadala utarudi kwenye kifaru na yeye yupo, aseme lile analoliamini. Asipoweza, msamehe. Si kila mtu ana kifua cha kusimama peke yake dhidi ya watu sita.

Na ile safari ya mwezi wa kumi na mbili? Wakikualika, nenda, lakini si kwa mpango ule wa kwanza. Tafuteni dereva ambaye ni mwongoza watalii aliyefanya mitihani yake. Chama cha waongozaji cha KPSGA hutoa ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na mwongozaji wa kweli hukuonyesha kitambulisho chake bila kununa. Atawagharimu zaidi kidogo, lakini ndiye atakayewaambia kwa nini twiga wa pale wana miguu myeupe kama waliovaa soksi, na ndiye atakayesema hapana ili wewe usilazimike kuisema. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za kwanza ndizo zenye wanyama, kabla jua halijawasukuma kivulini. Atakayechelewa kufika kituoni aachwe, na jambo hilo likubaliwe na wote kabla ya siku yenyewe. Malipo yafanywe kwenye eCitizen usiku wa kuamkia safari, mkiwa nyumbani penye mtandao, baada ya kuangalia bei ya wakati huo maana hubadilika. Gari pia hulipiwa, kulingana na viti vyake, msije mkasahau. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo bebeni mtungi mmoja mkubwa wa maji na kila mtu kikombe chake. Chakula kifungwe ndani ya chombo chenye kifuniko, na mlango ufungwe kila mnaposhuka pale Baboon Cliff.

Picha ya Mama Neema ipigwe hapo hapo Baboon Cliff, na iwe jambo la kwanza. Mahali hapo watu wanaruhusiwa kusimama kwa miguu yao, ziwa zima likiwa chini yao. Mpige nyingi, akiwa peke yake, akiwa na binti yake kama atakuja naye. Kifaru atapigwa picha kupitia dirishani, na mwenye simu nzuri atamvuta karibu. Na kama katika kundi lenu kuna wanaotamani kweli kutembea kwa miguu mahali penye wanyama, wapelekeni Hell's Gate pale Naivasha, ambako kutembea na kuendesha baiskeli kunaruhusiwa, au siku mkifika Kisumu muingie kile kimbilio cha swala kando ya Ziwa Victoria.

Kama hawatakualika, usiwafuate. Chukua watoto wako wawili na mumeo uwapeleke mwenyewe Jumapili moja. Urafiki wa miaka mingi huhitaji muda kupoa, na Mama Neema anaweza kukaa kimya hadi baada ya Krismasi. Msalimie mkikutana sokoni kama ulivyokuwa ukimsalimia, kwa jina la mtoto wake, wala usihesabu mara ngapi hakuitika.

Wakikurudisha kundini na kukukabidhi daftari tena, kubali pesa lakini kataa mengine. Mwingine asimamie saa, mwingine gari, mwingine asome masharti ya mbuga kwa sauti kabla ya gari kuondoka. Siku ile ulikuwa umebeba mchango wao, mtandao wao, maji yao na flamingo wao, na watu walipochoka na safari walichoka na wewe.